Posho ni ya jua, maharage ni ya mdudu: kuielewa mimea inayokula wadudu

Saa tatu asubuhi, ukingoni mwa Ziwa Nabugabo, nimelala kifudifudi juu ya gunia, kidevu karibu kiguse maji. Mbele ya macho yangu kuna jani jekundu lenye umbo la kijiko, dogo kama ukucha wa kidole cha shahada. Limejaa nywele, na kila nywele imebeba tone linalong'aa. Ukilitazama kwa mbali utasema ni umande, lakini umande wa asubuhi hiyo umekwisha kukauka kwenye majani mengine yote. Usubi mmoja anatua. Mguu wake unanasa. Anauvuta, na ute unavutika pamoja naye kama utomvu wa fenesi. Anakanyaga kwa mguu wa pili ili apate nguvu ya kujinasua, nao unanasa. Baada ya dakika chache nywele za pembeni zinaanza kuinama kuelekea alipo, polepole, moja baada ya nyingine. Ilipofika saa tano usubi alikuwa amezama, na jani lenyewe limeanza kujikunja juu yake.

Mmea huu ni Drosera madagascariensis. Jina hilo lisikupotoshe: haupatikani Madagaska tu, umeenea sehemu nyingi za Afrika ya tropiki, Uganda ikiwemo. Nilionyeshwa kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 11, na mjomba wangu aliyekuwa akivua kambare kwenye vijito vya huko. Sasa nina miaka 54. Sikusomea botania. Nina duka la vipuri vya bodaboda mjini Masaka, kiasi cha kilomita 20 kutoka ziwani, na Jumapili ambazo watu wengine hupumzika mimi huwa kinamasini na lenzi yangu. Katika miaka yote hiyo nimeulizwa maswali mengi kuhusu mimea hii, na nimegundua kwamba karibu yote yanatokana na kosa moja la kuelewa. Watu wakisikia "mmea unaokula" wanadhani unakula kwa sababu ile ile tunayokula sisi. Sivyo, na ukishaelewa kwa nini sivyo, mengine yote yananyooka.

Chukua sahani ya shule ya bweni hapa Uganda: posho (ndivyo tuuitavyo ugali) na maharage. Posho inakupa nguvu ya kukimbia. Maharage yanakupa protini ya kujenga mwili. Mtoto anayekula posho peke yake mwaka mzima anashiba kila siku, lakini nywele zinabadilika rangi, miguu inavimba, anapata kwashakoo. Ameshiba na ana njaa kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo hali ya mmea wa kinamasini. Posho yake unaipika mwenyewe kwa usanisinuru: mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa vinageuzwa sukari, na kinamasini jua na maji havikosekani. Kinachokosekana ni maharage, yaani naitrojeni na fosforasi, ambazo mimea mingine huzivuta kutoka udongoni kwa mizizi. Drosera inamkamata usubi ili ipate vitu hivyo. Haimhitaji kwa ajili ya nguvu.

Kwa hiyo mmea unaokula wadudu bado ni wa kijani (hata ukiwa na wekundu juu yake), bado unahitaji jua, na ukiuweka gizani na kuulisha nzi kila siku utakufa huku mdomo umejaa.

Charles Darwin alilithibitisha jambo hili kwa njia ambayo mtu yeyote mwenye subira angeweza kuifuata. Mwaka 1860, akiwa mapumzikoni kusini mwa Uingereza, alikuta drosera ya huko imejaa wadudu, na kwa miaka kumi na mitano iliyofuata alikuwa akiirudia kila alipopata nafasi, mpaka alipochapisha kitabu kizima mwaka 1875. Aliweka juu ya majani vipande vya nyama, yai, maziwa, na pia vioo, mbao, sukari, wanga. Majani yalijikunja juu ya maziwa na nyama, vitu vyenye naitrojeni. Sukari na wanga hayakuvijali. Huo mmea ulipewa posho ukaikataa, ukapewa maharage ukayakumbatia! Kila nikilifikiria jaribio hilo moyo wangu unafurahi, kwa sababu halikuhitaji mashine yoyote. Lilihitaji jani, tone la maziwa, na mtu aliye tayari kukaa na kutazama. Alipima pia wepesi wa jani kuhisi: kipande cha unywele chenye uzito usiofika sehemu moja ya elfu ya miligramu kilitosha kuinamisha nywele ya drosera, ilhali matone ya maji yakidondoka tena na tena hayakuisumbua. Mmea unaoishi mahali pa mvua nyingi hauwezi kumudu kushtuka kila linapodondoka tone.

Baada ya kitabu hicho bado wapo waliosema: sawa, mmea unamkamata mdudu, unammeng'enya, lakini je, unafaidika? Mwanawe, Francis Darwin, alijibu mwaka 1878. Aligawa drosera makundi mawili, moja akalilisha vipande vya nyama ya kuchoma na jingine akalinyima. Waliolishwa walitoa mbegu zaidi ya mara mbili ya wenzao.

Sasa turudi Nabugabo, maana mahali penyewe ndipo panapoeleza kwa nini mimea hii iko pale na haiko shambani kwako. Ziwa hili lilikuwa ghuba ya Ziwa Viktoria, kisha ukingo wa mchanga ukalitenga miaka elfu kadhaa iliyopita. Maji yake hutokana na mvua na vijito vinavyochujwa na kinamasi cha Lwamunda, juu ya mchanga usio na madini mengi. Ni maji maskini kweli kweli. Hata kalsiamu ni haba kiasi kwamba konokono, ambao huihitaji kujengea magamba, hawastawi humo, na watu huogelea bila hofu ya kichocho waliyonayo kwenye ziwa kubwa la jirani. Kandokando kuna kuvumwani ya sfagnamu, ile inayofyonza maji kama sifongo na kuyafanya yawe na asidi. Katika hali hiyo majani makavu hayaozi vizuri, kwa hiyo naitrojeni iliyomo ndani yake inabaki imefungiwa. Mkulima akipatazama hapo ataona ardhi isiyofaa kitu. Drosera kwake hapo ni nyumbani.

Niliujua ukweli huu kwa uchungu kabla sijausoma popote. Nilipokuwa na miaka 13 niling'oa drosera tatu, nikazibeba Masaka kwenye kopo la siagi, nikazipanda kwa mapenzi yote ya mtoto: udongo mweusi wa chini ya mgomba, samadi ya ng'ombe, maji ya kisima asubuhi na jioni. Nilimkamatia kila moja nzi wake. Matone ya ute yalikauka siku ya tatu. Wiki haikuisha, zote zilikuwa zimegeuka nyeusi. Mama alinikuta nalia nyuma ya jiko, akasema, "Mwanangu, umekipa chakula kingi kitu kilichozoea kidogo." Sikumwelewa wakati huo. Mizizi ya drosera ni dhaifu, imezoea maji ya mvua na mchanga mtupu. Samadi na madini ya kisima ni sumu kwake. Sijang'oa nyingine tangu siku ile, na nakuomba wewe pia usiing'oe.

Hapo mtu mwerevu atauliza: kama mtego una faida hivyo, kwa nini mimea yote isiwe nao? Kwa sababu mtego ni ghali. Jani lililogeuzwa gundi au kibofu ni jani lisilopika sukari vizuri, na ute wenyewe unatengenezwa kwa sukari. Mwaka 1984 Thomas Givnish na wenzake, wakianzia kwenye mmea mmoja wa Venezuela, walipiga hesabu ya mapato na matumizi na kueleza kwamba biashara hii inalipa pale tu ambapo mambo matatu yanakutana: jua la kutosha, maji ya kutosha, na udongo fukara. Likikosekana moja, mmea wa kawaida unashinda. Msituni penye kivuli hautaikuta drosera, na shambani penye rutuba majirani wataipita urefu na kuifunika ndani ya msimu mmoja. Haishindwi kuishi kwenye rutuba kwa sababu ya udhaifu wake peke yake. Inashindwa kwa sababu rutuba inawaleta wengine.

Fundo jingine linalowatatiza watu ni hili: si kila mmea unaonasa mdudu ni mla wadudu. Wateja wangu wameniletea majani ya kila aina. Mama mmoja muuza mboga alikuja na shina la mgagani, jjobyo kama tuiitavyo huku Buganda, limejaa vidudu vidogo vilivyoganda, akanambia, "Mzee wangu, na hii nayo inakula?" Alikuwa ameona vizuri. Mgagani una nywele zenye tezi, ukiushika vidole vinanata na vinabaki na harufu yake. Lakini gundi hiyo ni ya ulinzi: inawazuia wadudu wanaotaka kuutafuna. Nyanya na tumbaku nazo zina nywele za namna hiyo. Mdudu akifia pale, mmea hauna namna inayojulikana ya kummeng'enya na kumfyonza kupitia jani. Wapo pia wanaofunga bila kuua. Ua la aristolokia, lile linalotambaa kwenye nyua za watu likining'iniza maua kama mabomba ya kiko, humfungia nzi ndani kwa muda, likampaka chavua, kisha nywele zilizomzuia zinanyauka na anatoka mzima. Yule ni tarishi aliyecheleweshwa kidogo njiani.

Ili mmea uitwe mla wadudu, unatakiwa uvute, unase, ummeng'enye mdudu, ufyonze, na uonyeshe faida. Hata hivyo mipaka haijakaa sawasawa, na mimi napenda sana mahali inapoyumba. Afrika Kusini kuna mmea uitwao roridula, aina mbili tu duniani, yenye utomvu wa kunata unaokamata wadudu wakubwa kuliko drosera yangu. Haina vimeng'enya vya kuwayeyusha. Juu yake wanaishi kunguni fulani wasionaswa na utomvu huo. Hao ndio wanaowafyonza mateka, na mmea unapokea naitrojeni kutoka kwenye kinyesi chao. Je, mmea huo unakula, au umeajiri wengine wale kwa niaba yake? Watu wenye elimu kubwa wamebishana juu ya hilo. Mimi nauhesabu humo, kwa sababu maharage yanafika tumboni, ingawa yamepitia kwa jirani.

Utaratibu huu umezuka zaidi ya mara moja, katika koo za mimea zisizohusiana, na kila ukoo umetengeneza mtego wake. Birika za nepenthesi, majani yaliyojikunja kuwa gudulia lenye maji na ukingo unaoteleza, ziliandikwa na Mfaransa Etienne de Flacourt huko Madagaska mwaka 1658. Afrika bara hazipo kabisa. Ukizitaka, nenda Madagaska, Shelisheli, au Asia ya kusini mashariki. Dionea, ule mtego wenye meno unaoonekana kwenye kila video, hukua kiasili katika majimbo mawili tu ya Marekani, North Carolina na South Carolina. Nao unahesabu: nywele zake zikiguswa mara moja haufungi, zikiguswa mara mbili ndani ya sekunde kama 20 unafunga kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tone la mvua au ukoka uliopeperushwa ni nadra kugusa mara mbili. Na ile habari ya mti wa Madagaska unaokula watu, ambayo kila mwaka kuna mtu wa kunisimulia kwa kuapa, ilitungwa na gazeti la New York mwaka 1874. Haukuwahi kuwepo mti wa namna hiyo.

Lakini mtego unaonishangaza kuliko yote hauonwi na watu, nao uko Uganda kwa wingi. Ni utrikularia. Mwaka 1989 Peter Taylor wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, alikamilisha kazi yake kubwa juu yake akahesabu aina 214 duniani, na kadhaa kati ya hizo ziko kwenye mabwawa na vinamasi vyetu. Pengine umeona ua lake bila kujua: ua dogo la njano limesimama juu ya maji kwenye kikonyo chembamba, karibu na mafunjo, mahali mitumbwi haipiti. Ukilivuta litakuja na shungi refu la nyuzi za kijani. Hauna mizizi. Kati ya nyuzi hizo kuna vibofu, vingi kama ufuta uliomwagika, vingi vikiwa na upana wa milimita moja hadi tatu.

Kila kibofu kina mlango na nywele nje yake. Mmea unasukuma maji kutoka ndani ya kibofu mpaka kuta zake zinabonyea, kama chupa ya plastiki unapoifyonza kwa mdomo. Kisha unasubiri. Kiroboto-maji akigusa nywele, mlango unafunguka, kuta zinafutuka, na maji yanaingia kwa kishindo yakimbeba yeye, yote kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mlango unafunga. Baada ya nusu saa hivi maji yameshasukumwa nje na mtego umetegwa upya. Darwin hakuliona hilo. Alidhani wanyama wadogo hujisukuma ndani wenyewe kwa vichwa vyao. Simlaumu, jicho la binadamu haliwezi kuliona. Sikio, ndiyo. Pandisha shungi la utrikularia kutoka majini taratibu, ulete karibu na sikio, utulie: utasikia mlio mdogo, tik, tik-tik, tik. Ni vibofu vinafyatuka na kumeza hewa badala ya maji. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa na miaka 19, na nilibaki nimeinamia maji mpaka jua likanichoma shingo.

Aliyemsaidia Darwin katika utrikularia alikuwa mwanamke wa Vineland, New Jersey, Mary Treat, asiye na shahada wala maabara ya chuo, aliyekaa na hadubini yake nyumbani kwa saa nyingi akitazama vibofu vikikamata viluwiluwi vya mbu. Darwin alimwandikia barua na kumtaja kitabuni kwa heshima. Nilipolijua jina lake nilijisikia nimepata ndugu. Na kabla yake, dionea yenyewe iliandikwa kwanza na gavana wa North Carolina, Arthur Dobbs, katika barua ya mwaka 1759 kwenda kwa rafiki yake London. Linnaeus, bingwa wa majina ya mimea, alipoelezwa kwamba mmea huo unakula, hakukubali. Alidhani wadudu huachiliwa wakitulia.

Kuhusu viluwiluwi vya mbu, ni kweli utrikularia yenye vibofu vikubwa huvikamata, na huulizwa kama unaweza kutuondolea malaria. Usiutegemee. Mbu wa malaria huzaliana hata kwenye kidimbwi cha nyayo za ng'ombe, na utrikularia hauwezi kuishi humo. Lala ndani ya chandarua.

Drosera inachumwa. Ulaya imekuwa dawa ya kikohozi kwa karne nyingi, na zile za kwao zilipopungua na kulindwa, wafanyabiashara waligeukia Drosera madagascariensis, ikichumwa kwa magunia huko Madagaska. Kwetu sijaona magunia. Ninachokiona ni samadi na mbolea ya dukani. Sheria ipo: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inaitaka serikali izishike ardhioevu kwa dhamana ya wananchi, na mwaka 2004 kinamasi cha Nabugabo kiliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, hekta 22,000. Lakini sheria inamzuia mtu kukausha kinamasi, na hii mimea haihitaji kikauke ili ife. Inatosha kirutubike. Upande mmoja ninaoujua, nyanya zililimwa mteremkoni kwa misimu michache. Hakuna aliyegusa ukingo. Mvua ilishusha mbolea, nyasi zikapanda mpaka kiunoni, na chini yake palipokuwa na wekundu wa drosera kama zulia, nilihesabu nne. Mwaka uliofuata sikuona hata moja. Hatua 200 mbele, ambako juu kuna mwitu mtupu, bado zimejaa.

Ukitaka kuziona, nenda asubuhi jua likishapanda, wakati matone yanang'aa na ya wengine yamekauka. Tafuta mahali ambapo nyasi ni fupi, zimedhoofika, na ardhi inabonyea kama godoro. Vua viatu, maana visigino vya buti vinaua zaidi ya mikono. Chukua gunia la kulalia, lenzi, na kopo jeupe: utrikularia utaitia humo na maji yake uione vizuri, kisha uirudishe pale pale ulipoichukua. Ukikuta jani la drosera limejikunja, usilifungue. Weka alama kwa kijiti na urudi baada ya siku tano au sita. Litakuwa limekunjuka na kukauka juu, na katikati utakuta mabawa mawili na ganda jeusi, vitu ambavyo mmea hauwezi kuvimeng'enya. Upepo ukivuma vinaondoka vyenyewe, na kufikia kesho yake asubuhi ute umerudi.